Mtaalamu wa Saikolojia si Ssenga

Kampala, wengi hudhani ukienda kwenye tiba ya kisaikodinamiki utapewa ushauri, kama ssenga, yaani shangazi, anavyomfunda binti kabla ya ndoa. Sivyo. Tiba hii, yenye mizizi katika kazi ya Sigmund Freud huko Vienna, haitoi maagizo. Unasema lolote linalokujia, hata la aibu, naye mtaalamu anafuatilia: unakwepa nini, ndoto gani inajirudia, siku gani unachelewa. Kubwa zaidi ni uhamishaji wa hisia. Unaanza kumwogopa mtaalamu au kumkasirikia kana kwamba ndiye baba yako. Hasira hiyo haizimwi. Inazungumzwa palepale, hadi chanzo chake cha zamani kianze kuonekana. Na hapana, si lazima uwe umelazwa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, wala kulala kwenye kochi. Wengi siku hizi huketi tu kwenye kiti.