Aliyeumia uti wa mgongo si wa kulazwa tu

Wengi bado huamini kwamba aliyepooza kwa kuumia uti wa mgongo atulie kitandani, eti mazoezi yatamzidishia madhara. Kulala tu ndiko kunakoleta vidonda vya mgandamizo, damu kuganda miguuni na misuli kusinyaa. Daktari Ludwig Guttmann alilipinga wazo hilo zamani: mwaka 1948, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, aliandaa michezo ambapo majeruhi 16 wa jeshi walishindana kurusha mishale kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu.

Tahadhari zipo, bila shaka. Sehemu iliyo chini ya jeraha huenda isitoe jasho, hivyo mwili hupata joto upesi. Kivuli na maji ni muhimu. Mabega nayo yasisahaulike, maana ndiyo yanayosukuma kiti kutwa.