Sanamu Ikishanunuliwa, Nani Mwenye Kauli?

Wengi wakiona sanamu ndani ya jumba la makumbusho hudhani mambo yamekwisha: msanii kauza, jumba limenunua, kila mtu kashika njia yake. Mimi ni mhifadhi. Kazi yangu ni kutunza sanamu za wasanii walio hai, au waliotutoka juzijuzi, na kwa ninavyoona mauzo ndiyo mwanzo wa maelewano marefu. Mara nyingine huwa mwanzo wa ugomvi mrefu.

Sababu ni kwamba sanamu nyingi za leo hazimo zote ndani ya kitu unachokiona. Jiwe lililochongwa ukilibeba umelibeba lote. Lakini kazi iliyoundwa kwa taa, matunda, mpira au vyuma vilivyoagizwa kiwandani ina sehemu yake nyingine kwenye karatasi za maelekezo, na nyingine imo kichwani mwa aliyeibuni. Jumba hulipia vyote, ila hicho cha mwisho hakipakiwi kwenye kreti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mchongaji wa Marekani, Richard Serra. Jumba la Reina Sofía mjini Madrid lilinunua sanamu yake ya mwaka 1986, vipande vinne vya chuma vyenye uzito wa tani 38 kwa jumla. Mwaka 1990 ikapelekwa kwenye ghala la nje. Walipoitafuta tena, miaka kama 15 baadaye, haikuwepo. Tani 38! Kitu kisichoinuliwa bila kreni kiliyeyuka kama sindano ya kushonea. Ingekuwa ni marumaru ya karne ya 16, hadithi ingeishia kwenye kilio na barua za kujiuzulu. Serra alikubali vipande vile vitengenezwe upya, na hivyo vipya vikahesabiwa kuwa kazi halisi, si nakala. Chuma kilikuwa mali ya jumba, lakini uwezo wa kutamka kwamba “hii ndiyo yenyewe” ulibaki mikononi mwa msanii.

Mnunuzi akilisahau hilo, huumia. Katika miaka ya 1970 mkusanyaji wa sanaa wa Italia, Giuseppe Panza, alinunua kazi za Donald Judd, Mmarekani aliyejulikana kwa maumbo sahili kama masanduku, zikiwa bado ni michoro na vyeti, kisha akaagiza baadhi zitengenezwe Italia bila Judd kuzisimamia. Alidhani karatasi zinampa ruhusa hiyo. Judd alikasirika, akazikana hadharani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jumba la Guggenheim la New York likachukua sehemu kubwa ya mkusanyo wa Panza, na fumbo likahamia kwake: je, vitu hivi ni Judd au ni mbao na mabati tu? Ilibidi jumba lianzishe mradi maalumu wa utafiti ili kuamua kipi kinaweza kuonyeshwa na kipi kisionyeshwe. Mimi namwelewa Judd. Kwa kazi kama zake, milimita chache na namna kona zinavyokutana ndiyo sanaa yenyewe. Hakuna kingine pale cha kutazama.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sanamu haijaandikwa kwenye daftari la mkusanyo, tunakaa na msanii na kumhoji, tena mbele ya kinasa sauti. Rangi ikibanduka, tupake upya au tuache? Kipande kikivunjika, tununue kingine dukani? Taa zikiacha kutengenezwa je? Hilo la mwisho si utani: kazi za Dan Flavin ni taa za tyubu za kawaida za kiwandani, na viwanda vinaziacha. Ukiweka taa za aina nyingine, mwanga unaoangukia ukuta unabadilika, na mwanga huo ndio kazi.

Majibu hutofautiana mno. El Anatsui, msanii mzaliwa wa Ghana anayeunganisha vifuniko vya chupa kwa nyaya za shaba hadi vikawa mapazia makubwa, huwaachia wanaotundika waamue mikunjo wenyewe. Kazi ileile inaweza kuwa na sura moja London na nyingine mahali pengine, naye haoni tatizo. Wafanyakazi wa majumba, waliozoea kupima kila kitu kwa rula, mwanzoni uhuru huo huwatia kiwewe. Wanataka picha ya kufuata, wakati msanii anataka wafikiri.

Kisha wapo wasiotaka kazi iokolewe. Zoe Leonard, kati ya mwaka 1992 na 1997, alikusanya maganda takriban 300 ya ndizi, machungwa na matunda mengine, akayashona kwa uzi, zipu na vifungo, katika kuomboleza rafiki aliyefariki kwa UKIMWI. Mhifadhi mmoja alifanikiwa kupata njia ya kuyazuia baadhi yasioze. Leonard alipoyaona yaliyotibiwa akakataa: kuoza ndiko kulikokuwa maana. Jumba la sanaa la Philadelphia likainunua kazi hiyo likijua kabisa kwamba inakufa. Kwa taasisi iliyoundwa ili vitu vidumu, huo ni uamuzi mgumu kuliko kutoa fedha. Nauheshimu sana, ingawa mikono yangu huwasha nikiufikiria.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Kazi ikiingia kwenye jumba lenye jina, bei ya zilizobaki kwa msanii hupanda. Ndiyo maana mawakala wake hulipunguzia jumba bei, na ndiyo maana majumba mengi yanasita kuuza kazi ya msanii aliye hai: soko litaisoma kama hukumu. Hakimiliki nayo kwa kawaida hubaki kwa msanii, hivyo hata kuchapa kadi yenye picha ya sanamu yako mwenyewe lazima uombe ruhusa.

Swali linalobaki ni nani atakayeulizwa msanii akishaondoka. Mchongaji Eva Hesse alifariki mwaka 1970 akiwa na miaka 34, kabla desturi ya mahojiano haya haijaenea. Kazi yake kubwa ya mwaka 1969 iliyo Guggenheim ni vitambaa vilivyopakwa mpira na kushikwa na nguzo za fibaglasi. Mpira ule ulikuwa mwepesi na laini. Umekuwa mgumu, wa kahawia, wa kukatika. Hesse mwenyewe alijua hautadumu, na alikiri kwamba jambo hilo lilimsumbua watu walipotaka kununua. Jumba liliifungia ghalani kwa zaidi ya miaka 30. Wahifadhi walipoamua kuishughulikia, walimtafuta aliyekuwa msaidizi wake karakanani wajue vitu vile vilichanganywaje, na mwaka 2022 ikaonyeshwa tena. Wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba ilistahili kubaki ghalani, kwa kuwa sura hii ya uzee si aliyoichagua. Mimi sikubaliani nao. Hesse alichagua mpira akijua tabia yake, na kuificha kazi kwa sababu imezeeka ni kumwamulia jambo ambalo hakulisema.