Giza peke yake haliilindi picha
Wengi huamini kuwa picha nyeusi na nyeupe iliyobandikwa kwenye kadi ngumu ya makumbusho, ile ya kuhifadhia picha, haitachakaa mradi iwekwe mbali na jua. Si kweli. Mara nyingi adui yumo ndani ya karatasi yenyewe: mabaki ya fiksa, ile dawa ya mwisho ya chumba cha giza cha kusafishia picha. Ina salfa, na salfa hiyo huishambulia fedha inayounda picha, polepole, hadi igeuke manjano na kahawia, hata kabatini.

Tiba ni maji. Karatasi ya nyuzi, isiyopakwa plastiki, huoshwa baada ya fiksa kwa maji yanayotiririka takriban saa nzima. Ikichovywa kwanza kwenye kemikali ya sodiamu salfaiti, muda hupungua sana. Nawasihi wapiga picha wetu, msiikatishe hatua hii. Na bahasha iwe isiyo na asidi, kamwe si ya plastiki ya PVC.