Uaminifu wa kimya ni nini?

Uaminifu wa kimya ni kumtii Mungu katika mambo ambayo hakuna anayeyahesabu: kurudisha chenji iliyozidi, kutunza siri uliyoaminiwa, kumuuguza mzazi mwaka baada ya mwaka bila kumtangazia mtu. Ujasiri wa kimaadili ni uaminifu huohuo siku unapoanza kukugharimu. Wengi huvitenganisha, cha kwanza wakiwaachia wapole na cha pili mashujaa. Mimi naona ni kitu kimoja.

Mtazame Danieli, sura ya 6. Mfalme Dario alipotia sahihi amri kwamba kwa siku 30 asiombwe yeyote ila yeye, Danieli hakuanzisha jambo lolote jipya. Alirudi chumbani mwake, madirisha yakielekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, “kama alivyokuwa akifanya tokea hapo.” Maneno hayo machache ndiyo yaliyobeba habari yote. Tundu la simba, alikotupwa kwa kuomba hivyo, lilimkuta mtu ambaye magoti yake yalikwisha kuzoea sakafu.

Kwa wengi wetu mtihani huja mdogo mno hata kuitwa ushujaa. Karani analetewa hati yenye tarehe ya wiki iliyopita, ili ionekane mzigo ulikaguliwa kabla ya malipo. Anaisoma, anaweka kalamu chini: “Hii siwezi kusaini, bosi. Tuandike ya leo, nitaisaini sasa hivi.” Basi. Huenda mkataba wake usiongezwe, na hakuna atakayejua kwa nini.

Hapo watu huchanganya, hata makanisani: kimya hiki si kunyamazia uovu. Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, malkia Yezebeli alipokuwa akiwaua manabii wa Mungu, aliwaficha 100 kati yao mapangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Angejigamba, wangekufa. Yusufu wa Arimathaya naye alificha uanafunzi wake, ila Yohana anasema wazi kwamba ni kwa hofu. Swali la kujiuliza ni ukimya wangu unamlinda nani. Hata hivyo ni Yusufu huyo aliyekwenda kwa Pilato kuuomba mwili wa Yesu.

Tena simba hawafumbwi vinywa kila mara kama walivyofumbwa kwa Danieli. Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria aliyekuwa pia mhudumu wa kanisa la kijijini kwake, alikataa kupigana katika jeshi la Hitler, ingawa hata mapadri walimsihi aifikirie familia yake. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 2007. Kabla ya hapo, wapo wanakijiji wenzake waliomhesabu mkaidi aliyewatelekeza mke na watoto.