Shoti si kila hitilafu ya umeme

Mama mmoja wa kwaya aliniletea amplifaya ya kanisani. “Shikamoo” yangu haijapoa, akasema, “Marahaba baba, imepiga shoti.” Fundi wa kwanza alikuwa ameshasikia neno hilohilo, akang'oa transista zote nane za kutolea sauti, C5200 na A1943, na zote zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye mguu mmoja wa waya wa transfoma: risasi ya kulehemu imepasuka kuuzunguka, imeacha pete nyeusi nyembamba kama unywele. Umeme haukuwa unapita kabisa. Hiyo ni kinyume cha shoti.

Shoti ni umeme kupata njia ya mkato ya kurudi ulikotoka bila kupita kwenye mzigo, yaani spika, taa au bodi iliyokusudiwa. Ukinzani, yaani kile kinachouzuia umeme njiani, hupimwa kwa omu; hapa unakaribia sifuri, na mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita, unapanda kupita kiasi. Gawa volti 12 kwa omu 0.05 uone: ampea 240. Fyuzi inakatika, na ndiyo kazi yake.

Neno lenyewe limetoka kwa Waingereza, “short”, fupi. Ufupi huo hauhusu urefu wa waya. Waya wa mita ishirini ukigusana na mwenzake kule mwisho, ni shoti bado. Lakini Kiswahili kilikuwa na shoti yake kabla ya umeme: farasi au punda akitoka mbio kali, amepiga shoti. Kwa hiyo neno geni lilipofika lilikuta kitenzi kinalisubiri, na picha ikakubali, maana mkondo usio na mzigo kweli hutoka mbio. Nalipenda neno hili kwa sababu hiyo, na ndiyo maana linaniuma likitumiwa ovyo.

Linapoharibika zaidi ni kwa binadamu. “Amepigwa shoti” tunasema kwa mtu aliyenaswa na umeme, kwa kuwa “shock” na “short” zimeangukia sauti moja midomoni mwetu. Hapa kuna hatari. Mtu akishika waya, yeye ndiye mzigo. Mwili wake una ukinzani mkubwa, mkondo unaopita ni mdogo sana kwa fyuzi ya ampea 10 kuuhisi, na makumi machache ya miliampea yanatosha kuua. Anayeamini kwamba “ikipiga shoti fyuzi itakata” anaweka maisha yake kwenye neno lisilo lake.

Hata soketi inayonuka kuungua huitwa shoti. Mara nyingi ni muungano uliolegea: ukinzani umeongezeka pale, panachemka, na fyuzi haioni kitu.

Shoti ya kweli ninaijua kwa redio za CB za magari, zile za kuzungumziana za megahezi 27. Nyingi zina dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye mlango wa umeme, ya kuilinda redio mtu akigeuza waya mwekundu na mweusi. Ukigeuza, dayodi inapitisha, fyuzi inakatika, redio inapona. Lakini mtu akifunga uzi wa shaba badala ya fyuzi, dayodi inaungua na kubaki ikipitisha umeme pande zote mbili. Kuanzia hapo hata waya ukiwa sahihi kila fyuzi mpya inakatika papo hapo. Ukipima dayodi hiyo kwa mita, inalia pande zote mbili. Badilisha dayodi, rudisha fyuzi yenye ampea zilizoandikwa, na mara nyingi redio inazungumza siku hiyohiyo.

Kwa amplifaya natumia taa ya kizamani ya wati 100, ile ya waya ndani, nikiifunga kwenye mfululizo na waya wa umeme, ili umeme wa amplifaya upitie kwenye taa. Amplifaya nzima ikiwashwa, taa inamulika mara moja kapasita, vile vihifadhi umeme vya ndani, zinapojaa, kisha inafifia. Yenye shoti inaiacha taa ikiwaka kwa nguvu zote bila kushuka. Ile ya kwaya haikuiwasha hata kidogo.

Basi ndugu yangu, ukileta kifaa, niambie ulichokiona: kilizima ghafla au polepole, fyuzi ilikatika au ni nzima, kulikuwa na harufu, kilikuwa na spika ngapi. Neno shoti niachie mimi niliseme baada ya kupima.