Kapteni Shaw: mwanajeshi aliyeongoza zimamoto ya London miaka 30

Raia wakiona askari wa zimamoto wanapiga gwaride, huuliza gwaride na moto vinahusiana vipi. Sisi tunaofundisha kazi hii huwajibu kwa kumtaja Eyre Massey Shaw, mwenyeji wa Ireland aliyekuwa kapteni katika jeshi la mgambo la North Cork Rifles.

Mwaka 1860 alipewa mji wa Belfast, hukohuko Ireland, asimamie polisi na zimamoto kwa pamoja. Hakukaa sana. Juni 22, 1861, maghala ya Tooley Street jijini London yalishika moto yakiwa yamejaa katani, chai, sukari na mafuta ya wanyama. Mkuu wa zimamoto, James Braidwood, aliangukiwa na ukuta akafa, na moto ukaendelea kuwaka kwa takriban wiki mbili. Shaw akaitwa kushika nafasi ya marehemu.

Wakati huo zimamoto ya London iliendeshwa na kampuni za bima. Hasara ya Tooley Street ilizifanya ziiambie serikali kuwa mzigo umezishinda, na Januari 1, 1866 kikosi kikawa cha umma, Shaw akiwa mkuu wake. Aliingiza nidhamu ya kambini: vyeo, zamu za lindo, mazoezi yasiyokoma. Vituo aliviunganisha kwa telegrafu. Kofia za shaba aliziiga Paris, ambako zimamoto ni jeshi kamili tangu enzi za Napoleon, mwaka 1811. Zilipendeza kweli, ila shaba hupitisha umeme; nyaya zilipoenea majumbani zikawa hatari, na baadaye zikaachwa.

Kinachonivutia zaidi ni watu aliowaajiri. Mtu wa jeshi la nchi kavu alipendelea mabaharia! Alitaka watu waliozoea kupanda juu kwa kamba, kuamshwa usiku wa manane na kutii amri bila kuuliza mara mbili. Huko ndiko kujua kazi inataka nini.

Hata hivyo kambi haikufundishi kusoma ukuta unaoungua. Hilo hujifunzwa kazini, na ndiyo maana mwanajeshi anayehamia zimamoto lazima aanze upya kwenye majengo, moshi na maji. Siku hizi tunafundisha kwamba ukuta ukianza kupinda au kupasuka, watu wakae mbali nao angalau mara moja na nusu ya kimo chake. Kwa hiyo ukimwona kamanda anawarudisha nyuma askari wake huku nyumba inawaka, usiwazomee kuwa ni waoga. Na ukiwa na habari, kwa mfano kuna mtu ndani au mtungi wa gesi jikoni, mpelekee kamanda mwenyewe, usimvute askari aliyeshika mpira wa maji.

Mwaka 1889 kikosi kiliwekwa chini ya baraza jipya la London. Shaw, aliyezoea kuamua mwenyewe, hakuelewana na wajumbe wake, na mwaka 1891 akajiuzulu. Mwaka huohuo Malkia Victoria alimtunuku cheo cha Sir. Ugomvi wake na baraza haukumpunguzia heshima.