Laxton: kijiji kinachotoza faini anayemega njia

Vijiji vingi vya Uingereza viliwahi kulima kwa pamoja: mashamba makubwa yasiyo na ua, kila mkulima na vipande vyake vyembamba hapa na pale. Kisha, hasa katika karne ya 18 na 19, Bunge likapitisha maelfu ya sheria za kuyagawa na kuyazungushia ua. Sisi tunaochimbua historia ya ardhi tuna bahati ya Laxton, Nottinghamshire, ambako utaratibu wa zamani haukufa.

Mashamba ni matatu: West Field, Mill Field na South Field. Mwaka huu shamba moja linapandwa ngano ya majira ya baridi, la pili mazao ya majira ya kuchipua, la tatu linapumzishwa au kuwekwa malisho, mwakani yanapokezana. Ramani ya kijiji iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635, kipande kwa kipande na jina la mwenye nacho, ipo hadi leo Oxford.

Watu husifu ramani hiyo, na inastahili. Lakini kwa maoni yangu, roho ya Laxton ni mahakama yake. Mwishoni mwa Novemba, juri la wakulima wenyewe hukagua shamba lililokwisha pandwa ngano. Wanapima njia, wanapigilia vigingi pale mpaka ulipofifia, na wanaangalia kama kuna aliyepitisha plau kwenye sehemu za majani zisizolimwa, ambazo ni za wote. Wiki moja baadaye mahakama inakaa na aliyemega anatozwa faini. Fedha yenyewe ni ndogo mno. Kinachouma ni kwamba waliokukamata ni majirani zako, na mwakani huenda juri ukawa wewe.

Msidhani kijiji kimeganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 vipande viliunganishwa vikawa vichache na vikubwa zaidi, na leo trekta ndilo linalolima.

Mwaka 1952 familia ya Earl Manvers, mmiliki wa ardhi ya kijiji, iliiuzia serikali kijiji kwa sharti la kuulinda utaratibu huu. Mwaka 1981 kikahamia Crown Estate, taasisi inayosimamia ardhi ya Ufalme, na mwaka 2020 kikanunuliwa na Thoresby Estate, yaani mali ya ukoo uleule uliokiuza. Wakulima walibaki wapangaji, na juri likaendelea kukagua vigingi.